Abiria Wasio na Tiketi

Liepaja, ghorofa ya nne, Januari.
Theluji imekalia baiskeli ya jirani tangu Krismasi
na hakuna aliyeiulizia.
Ndani, chini ya sinki la jikoni,
nafuga nyungunyungu.

Nilipewa na Valija, gramu mia mbili
katika kopo la aisikrimu,
kwa bei ya jozi ya soksi nilizomfumia mumewe.
Wape giza, akaniambia, na unyevu, na subira.
Giza tunalo: haijafika saa kumi
jua limeshafunga duka.
Unyevu, Baltiki iko mtaa wa tatu.
Subira, Guntis aliniachia ya kutosha.

Maganda ya viazi. Mashapo ya kahawa.
Ukoko wa mkate mweusi, umelowekwa.
Maganda ya mayai niliyoyatwanga hadi yakawa unga.
Limau hawataki, kitunguu hawataki.
Mwezi wa kwanza niliwalisha kama wageni wa harusi;
kisanduku kikachacha, kikanuka,
wakapanda kuta zake, wakatoroka usiku,
asubuhi nikawakuta juu ya vigae
wamekauka kama kamba za viatu.
Nililia. Ndiyo, mimi, miaka sitini na mmoja,
niliyekata tiketi za tramu miaka thelathini
bila kumlilia abiria hata mmoja.

Ndipo nikajifunza karatasi.
Na karatasi, namshukuru Guntis, haziishi.
Alikwenda Ayalandi kuchuma uyoga, miezi sita tu,
na huu ni mwaka wa saba.
Gizani kule anachuma, gizani huku nafuga;
kuna ndoa zenye kidogo kuliko hicho.
Barua zake bado huja hapa:
benki, kodi, chama cha wavuvi wa barafuni,
duka la matairi linalomtakia heri ya kuzaliwa.
Nazichana vipande vyembamba,
nazilowesha, nazikamua, nawatandikia.
Kwa Bwana Guntis Straume, kwa heshima kubwa...
Kesho yake heshima ipo vilevile.
Wiki ya pili imekunjamana.
Mwezi wa pili namtafuta Straume kwa tochi
nakuta weusi tu, unaonukia msitu baada ya mvua.
Mla ni mla leo,
na leo wamemla.

Aprili nikabeba ndoo kwenda bustanini,
kile kipande cha mchanga nje ya mji
ambako hata magugu huota kwa kuomba radhi.
Kwenye tramu, mkaguzi kijana, simjui, hanijui,
akanyoosha kidole: Mama, humo mna nini?
Abiria elfu mbili, nikamjibu. Hawana tiketi.
Akachungulia. Akarudi nyuma hatua mbili,
kisha akasogea mbele moja.
Bibi yangu alikuwa nao, akasema,
kwenye beseni, bafuni, tukioga wanatusikiliza.
Akashuka kituo cha pili
bila kunidai hata ile yangu.

Sasa ni Agosti, nang'oa bitiruti.
La kwanza ni dogo, limepinda, sisemi uongo.
La pili limeliwa na panya upande mmoja.
La nne linanijaza kiganja,
na kwenye mizizi yake kimenasa kitu kinachong'aa:
kijidirisha cha plastiki, kile cha bahasha,
ambamo jina la mtu huchungulia.
Hicho hawakukiweza.

Nakifuta kwa aproni, nakiinua juani,
nafumba jicho moja.
Naona uzio. Naona mbwa wa Valija
amelala juu ya koti langu, na matope yake yote.
Naona tuta lililobaki, refu,
sijafika hata nusu.