Silabi ya Kati

Chang'ombe, saa kumi na mbili na nusu, umeme umekatika.
Darasa letu la Kiswahili kwa wageni
liko juu ya duka la rangi za nyumba;
harufu ya tapentaini hupanda ngazi kabla ya wanafunzi.

Leo ni zamu ya *ji*.
Nimeandika ubaoni: *anajipenda, anajifunza*.
Tazameni, nasema, silabi moja tu.
Haikivunji kitenzi.
Inakaa katikati, inamrudishia mtu tendo lake.

Yangkyi anainua mkono.
Kwenye fomu, penye Uraia, aliandika, akafuta,
akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka.
"Mwalimu, *kujitawala*:
lazima mtu ahame nyumba ndipo ajitawale?
Au anaweza kubaki chumbani mwake,
ila ufunguo akawa nao yeye?"

Nikajidai natafuta chaki.

Nyumbani Keko, ukutani, ipo picha ya baba
na fundi mmoja wa Sichuan, wamekalia taruma moja,
wanakula muhogo kwenye sufuria moja.
Reli ile ilitujengea, ikanisomesha.
Asante ya punda ni mateke;
sitaki iwe yangu.

Kwao Tibeti nako reli ilifika, anasema,
juu huko ambako hewa ni ya kuhesabu.
Mpwa wake alipelekwa shule ya bweni na miaka minne.
Likizo ya kwanza bibi akamsimulia hadithi,
ile ile aliyomlelea mama yake.
Mtoto akamgeukia shangazi:
*Huyu anasema nini?*

Nami nimezaliwa mji huu.
Nakumbuka ofisi ile, mlango wa pili baada ya fundi saa,
wageni wakipiga taipu usiku kucha
kwa ajili ya nchi zisizokuwa zao bado.
Tuliwaita ndugu. Tuliwapa vyumba.
Hatukuwauliza kwanza
aliyewakalia ni rafiki ya nani.

Wote wamekwishashuka. Nasahihisha kwa mshumaa.
Kwenye daftari la Yangkyi, sentensi moja:
*Tunajisemea.*
Natafuta kosa. Nafsi sawa. Wakati sawa.
*Ji* imekaa mahali pake.

Ila neno hili lina pande mbili, na sikumfundisha:
kusema kwa kinywa chako, usisemewe;
na kusema peke yako,
pasipo mtu.

Kalamu nyekundu ninayo mkononi bado.
Nta imefika kwenye kisahani.