Watu Sita na Ufunguo Mmoja

Gari lina viti vinane: wageni sita,
mimi, na Horațiu kwenye usukani
anayetafuna mbegu za alizeti tangu Brașov,
maganda yote ndani ya gilasi ya kahawa.
Nawahesabu kama baba alivyohesabu kondoo,
kwa kidole, bila sauti.
Mume na mke Waholanzi wasiosemezana.
Dada wawili kutoka Busan, kofia sare.
Mwanafunzi mwenye kikohozi.
Na bwana mmoja mpana wa mabega
aliyeuliza mara mbili, risiti mkononi,
kama dubu ni wa hakika.
Dubu si treni, bwana, nilimjibu.
Hata treni zetu si treni.

*

Kanisa la kijiji hiki lina kuta tatu,
moja ndani ya nyingine, kama kitunguu,
kwa kuwa miaka mia sita iliyopita
aliyekuja mbio na farasi hakuja kusali.
Juu ya bomba la moshi kiota kitupu:
korongo wameshakwenda zao kusini.
Frau Roswitha anatoka na ufunguo
mrefu kama mkono wa mtoto.
Wenzake, Wasaksoni wote wa mtaa huu,
walifunga masanduku kipupwe kimoja
wakarudi Ujerumani, nchi ambayo babu zao
waliihama kabla ya bunduki.
Yeye alibaki kwa sababu, anasema,
lazima mtu afagie.
"Futeni miguu." Hayo ndiyo makaribisho yake.
Ananiachia ufunguo, anarudi kwa kuku.

Kwenye mnara wa nyama nawaonyesha kulabu.
Kila nyumba ilikuwa na yake. Jumapili
baada ya ibada walipanda na visu,
wakakata nyama ya nguruwe ya wiki moja,
kisha wakapiga mhuri wa moto penye mkato,
ili jirani akidokoa usiku, asubuhi ajulikane.
Walisali pamoja, ndiyo.
Na mhuri pia.

Halafu kile chumba kidogo:
kitanda kimoja, sahani moja, kijiko kimoja.
Waliotaka talaka walifungiwa humu wiki mbili.
Mholanzi anacheka. Mkewe anapima kitanda
kwa shubiri, taratibu, mpaka mwisho.

*

Jioni, msituni. Kibanda cha mbao, dirisha refu.
Costache, mlinzi wa pori, anatuonya:
simu zizimwe, chakula marufuku, kikohozi kimezwe.
Mwanafunzi anameza.
Kigogota anagonga, anaacha, anagonga,
kama fundi aliyesahau kipimo.

Kisha yupo. Hakuja; yupo tu,
jike, maji yakimchuruzika kidevuni,
wanawe wawili nyuma wakigombea gogo.
Bwana mpana ameibana risiti kifuani
kama mtu aliyesimama mazikoni.
Darubini ya Waholanzi ni moja. Naiona ikienda,
ikirudi, ikienda, bila neno.

Na mimi natazama kucha.
Mwaka nilipotimiza tisa, usiku mmoja,
kondoo kumi na mmoja. Baba alikaa kizingitini.
Hakulia. Alihesabu tu, kwa kidole,
na kila mara hesabu ilimgomea.
Angefufuka leo angeniuliza nini?
Wanakulipa? Wanakulipa ili wamtazame?
Ndiyo, baba. Na bakshishi juu.

*

Njiani, giza, nawahesabu: sita.
Natia mkono mfukoni kutafuta peremende,
nagusa chuma.
"Horațiu." Ananitazama kiooni,
anatema ganda, anageuza gari. Haulizi.
Kilomita arobaini za mashimo.
"Tunarudi kwa dubu?" bwana mpana anauliza,
sauti ya mtoto aliyeamshwa.

Kuta tatu, karne sita, na lango wazi.
Frau Roswitha ameweka kiti katikati,
shali kichwani, amejifunika blanketi la farasi,
na ufagio magotini.