Sampuli ya Kumi na Saba

Mrija umeandikwa kwa mwandiko wangu mbaya: 17.
Ndani yumo Gellért Zsadányi, au kiasi cha kijiko chake,
uboho uliochotwa nyongani asubuhi ya Februari
theluji ya Debrecen ikiwa imefika vizingitini.
Miaka miwili amelala kwenye friza,
nyuzi themanini chini ya sifuri.
Mwenyewe amelala kwingine, upande wa msituni,
chini ya jiwe ambalo mkewe hulifuta kwa shali.

Alikuwa mkaguzi wa tiketi, tramu namba moja,
miaka thelathini na mmoja, stesheni hadi msituni, na kurudi.
Siku tuliyomtoboa aliniuliza, ameuma meno,
"Binti, mnamtafuta nani humo?"
Nikamwambia: seli zilizokataa kukomaa,
zimejaa hadi wenyeji wamekosa pa kukaa.
Akacheka, ikamuuma.
"Basi ni abiria wangu hao.
Asiye na tiketi humjui kwa mavazi.
Hutazama dirishani. Wote hutazama dirishani.
Ukimwita, kiziwi.
Kazi ngumu si kumshusha, binti.
Kazi ngumu ni kumfanya ageuke."

Sikuandika hayo. Fomu haikuwa na nafasi.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini hiki kimeivuka nguo, kimevuka nyama,
kimo ndani ya mfupa, kinaitika jina lako,
na askari wa mwili wanapita wakikipigia saluti.

Usiku huu nadondosha dawa ya zamani,
tibakemikali ileile iliyomnyonyoa nywele,
ila kidogo, kidogo mno.
"Tusiziue," alisema Profesa Barkóczi. "Tuziguse tu."
Siku tatu kwenye joto la mwili pasipo mwili.
Kisha kingamwili chenye rangi.
Kisha leza: seli moja, seli moja, seli moja,
zinapita mlango mwembamba kuliko unywele.

Kwenye skrini, kilima cha kijivu ni kabla.
Kilima cha zambarau ni baada.
Nangoja. Kahawa imepoa, imefanya utando.
Saa tisa na dakika kumi, kilima cha zambarau
kinahama kulia.

Zimegeuka.
Kila seli imeitoa juu ya ngozi yake ile antijeni
tuliyoitafuta kwa mwaka mzima,
uso mzima, mbele ya taa,
kama mtu aliyeguswa bega kwa upole
akasahau kwamba alikuwa anajificha.

Nisidanganye. Sampuli ya 22 haikutikisika.
Ya 9 iligeuka nusu, siku ya tano ikarudi dirishani.
Na seli nzima, zisizo na kosa, nazo zina kidogo cha uso huo,
hivyo kingamwili kitakachokuja kesho na sumu mfukoni
huenda kikamshusha na mwenye tiketi.
Wala sijui kwa nini dawa hufanya hivi.
Profesa ana dhana tatu; mbili zinagombana.

Mficha maradhi, kifo humuumbua:
huambiwa wagonjwa hivyo, tena kwa kidole.
Gellért hakuficha kitu.
Maradhi ndiyo yaliyojificha, na leo yameumbuka
ndani ya kijiko cha mtu
ambaye hatafaidi.

Nimwambie nani? Borbála hapokei simu asizozijua.
Nikimwandikia barua, niseme nini?
Kwamba mumewe bado yuko kazini, zamu ya usiku?

Naandika daftarini: 17, imehama kulia. Rudia mara tatu.
Mirija iliyobaki ni minne.
Nairudisha kwenye ukungu wa baridi, mmoja mmoja,
na vidole vyangu vinanata kidogo kwenye chuma.

Tramu ya kwanza inakuja na taa zake za njano.
Nakaa. Vituo viwili vinapita kabla sijakumbuka
kwamba sikugonga tiketi.
Nje mtu anapakua mikate, mwingine anasukuma baiskeli thelujini.
Mlango unafunguka nyuma yangu, hatua za viatu vizito.
Natazama dirishani.