Mgao wa Makorokocho

Miti ya mbao kule Mtwango waligawana kaka.
Bati za jikoni, kaka.
Cherehani akachukua mke wa kaka, kwa kuwa ndiye ajuaye kushona,
alisema yeye mwenyewe.
Kwangu Ezekia alisukuma kwa mguu kopo la biskuti:
"Yudita, beba hayo makorokocho yenu."

Yenu. Mimi na marehemu.

Nimelibeba hadi Makambako, kwenye chumba changu cha kupanga
ambako upepo huingia bila hodi na kulala mpaka asubuhi.
Nimemwaga kitandani.

Mama hakuwa bahili wa maneno.
Vikorokoro, alisema, ni vile vinavyosema ukivitikisa:
bangili saba, funguo zisizo na mlango,
kengele ya mbuzi tuliyemla mwaka wa njaa.
Mazagazaga hayaji moja moja;
huja kama watoto wa jirani wakinusa kande.
Kidubwasha, hata aliyekuuzia hajui ni cha nini,
naye anakuapia hutajuta.
Kanyaboya ni ile pete.
"Dhahabu tupu, mama," aliambiwa baba mnadani,
akaacha pale hela ya debe zima la viazi,
na kabla ya Krismasi kidole cha mama kilikuwa kijani
kama jani la njegere.
Hakuivua. Alisema angalau rangi imekolea.

Takataka je? nilimuuliza.
Akakohoa, akachochea moto.
"Hilo ni neno la mtu aliyechoka kutazama."

Klipu ya nywele, kipepeo mwenye bawa moja.
Saa ya plastiki, mishale imechorwa.
Kioo cha duara, nyuma yake picha ya mwanamke wa Kihindi
ambaye mama alimwita shemeji.
Shanga, shanga, kifungo, shanga.

Jana usiku, saa tano, simu. Ezekia.
Salamu ndefu. Mvua. Mbolea imepanda bei.
Kisha: "Kile kitu cha mama. Bado unacho?"
Kitu gani?
"Kile. Kile ka... kadude kale."
Vipo vingi, kaka. Kitaje.
Nikamsikia akipapasa gizani, mtu mwenye ekari tatu,
hana neno hata moja la kushika.
"Ka bati. Ukibonyeza kanalia.
Alikuwa anakabonyeza nikiwa na surua."

Chura. Rangi imebanduka, limebaki jicho moja.
Kalikuwa mkononi mwangu tangu alipotaja mvua.
Nilitaka kwanza aseme makorokocho,
aseme tena, kwa sauti ile ile ya siku ya mgao.
Sikumwambia.
Nikasogeza simu, nikabonyeza.

Krak.

Kimya upande wa pili.

Krak, krak.

"Tena," akasema,
salio lake likakatika hapo,
nami nikaendelea kidogo.