Muda wa Mapumziko

Tulikuwa tumefungwa mbili bila.
Ngoma nilikuwa nimeilaza ubavu kwenye ngazi ya saruji,
ngozi imelegea kwa unyevu wa Mei,
nami nimelegea kuishinda.
Bi Zuena akapitisha kachiri za muhogo, pilipili imekolea,
akaniuliza, “Una nini leo?
Unapiga kama mdeni anayebisha hodi.”

Nikasema: Jumatatu nimeitwa.
Usaili. Bohari ya makontena, Changamwe.
Miezi minane tangu kampuni yetu ifunge milango
sijakaa mbele ya meza ya mtu.

Basi ngazi nzima ikanigeukia,
uwanja wakawaachia mbuzi wawili waliokuwa kwenye kona.

Kitsao, ambaye huendesha winchi bandarini,
mita arobaini juu ya maji:
“Usiwaambie hujui woga.
Waambie ulipanda, magoti yakacheza, ukashuka,
kesho yake ukapanda tena.
Asiyeogopa hatumpi kiti. Atatuulia watu.”

Bi Zuena, miaka kumi na tisa nyuma ya pasi
katika hoteli moja ya Shanzu:
“Shati niletee kesho baada ya adhuhuri.
Kola husomwa kabla ya cheti.
Na hiyo jezi ya kijani, hata kwa ndani usiivae.
Itachungulia tu.”

Odek wa ulinzi:
“Getini yuko Mwadime. Msalimie kwa jina.
Mimi nimesimama mageti matatu mjini humu,
wenye digrii wananipita kama nguzo ya stima.
Jioni bosi hushusha kioo cha gari:
yule wa asubuhi, ulimwonaje?”

“Mshahara usiutaje,” akasema mmoja.
“Autaje!” akaruka mwengine. “Mimi sikutaja,
nikalipwa shukrani.”
Wakashikana hapo, nusura refa aitwe.

Chirima alikuwa ngazi ya juu, peke yake,
anachokonoa meno.
“Mnampumbaza mtoto wa watu.
Kazi ni mjomba. Huna mjomba, piga ngoma yako.”
Hakuna aliyemjibu. Filimbi ikalia.

Shekuwe, karani wa forodha,
alingoja hadi dakika ya themanini na kitu, kisha akaniinamia:
“Watakuuliza udhaifu wako. Lazima watakuuliza.
Usiseme bidii imekuzidi,
hiyo wameisikia mpaka masikio yameota sugu.
Wewe sema hivi –”

na hapo kona yetu ikapigwa,
kichwa kimoja kikapanda juu ya vichwa vyote,
wavu ukafura.
Sijui ngoma niliinua saa ngapi.
Kachiri zilimwagika, Odek akambusu Kitsao utosini,
na Shekuwe bado alikuwa anasema,
naiona midomo,
sikupata hata neno.

Mbili moja. Ikabaki hivyo.

Nje, watu wakitawanyika kuelekea Tononoka,
mkono ukanishika kiwiko. Chirima.
Hakunitazama.
“Mimi nilikataliwa mara kumi na moja,” akasema.
“Ya kumi na mbili sikwenda.”
Akasimama kama aliyesahau kitu,
kisha akavuka barabara.

Jumatatu, saa moja kasoro robo.
Kola imekaza kama kadi ya harusi.
Viatu ni vya Kitsao, vimenizidi nambari moja,
nimetia gazeti puani.
Lile swali sina jibu lake.
Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipandisha Changamwe.

“Subalkheri, Mwadime.”
Akanitazama viatu. Akatazama viganja,
pale fimbo za ngoma zilipokula ngozi.
“Wewe si yule mpiga ngoma?
Jumamosi ilikwishaje?”
“Mbili moja.”
“Mlifunga?”
“Tulifungwa.”

Akafungua kitabu cha wageni,
akaandika jina langu polepole, herufi moja moja.
“Pole,” akasema.
“Ingia.”