Inasemaje?

Baba huuliza kwa kidevu.
Masikio yake yalifunga duka mwaka ule wa homa,
yakaiacha mikono ikiuza peke yake.
Mimi, Mize, ndiye sikio lake la kukodi:
nakaa uani kwetu Kisima Majongoo,
nawasha gazeti la juzi, naota nalo ngozi ya mbuzi
mpaka iache uvivu,
kisha nagonga, na yeye anasoma midomo yangu.

Katikati, kwa kiganja: DU.
Namwambia, gunia la karafuu limetuliwa ghalani.
Anakataa. Gunia lina vumbi, hii haina.
Namwambia, nazi imeanguka uwanja wa jirani
na hakuna aliyekwenda kuiokota.
Hapo anakubali.

Ukingoni, kwa ncha ya kidole: TA.
Nyepesi. Mtu kakata neno.
Na ile ndogo ya mkono wa kushoto, KA,
ganda la yai, kitasa cha kasha,
sauti isiyotaka kusindikizwa.

"Jina lake ni mdomo wake," baba hunikumbusha,
sauti yake kubwa mno, au ndogo mno, hajui tena kuipima.
"Waajemi walisema tom, wakasema bak.
Sisi tukasikia vyetu:
dumu. Baki."

Rafuni zimepangwa zinazongoja wenyewe.
Pacha wawili wa udongo, wa harusi za Ng'ambo,
mmoja husema, mwenziwe humjibu kwa ubishi.
Ya mfenesi, tumbo zito, hukawia kuitika
kama mkwe aliyeitwa jikoni.
Ya bati, ya kijana wa klabu,
hulia kama sufuria iliyosingiziwa wizi.
Tari za maulidi, na visahani vyake vya shaba,
hizo usizipe siri.

Jumatatu akaja mgeni, Behruzi, wa Bandari Abbasi,
kakumbatia kitu kipana ndani ya shuka.
Nikamgeukia baba, nikasema: "Kaleta dafu."
Baba akaniagiza panga.

Tulicheka hata mgeni akacheka, hajui anachocheka.
Shuka lilipofunuliwa, baba akanyamaza.
Duara la mti, pana kama ungo,
ngozi imechanika ubavuni,
na kwa ndani, mzunguko mzima,
pete za chuma zinaning'inia nne nne.
Akazipitisha kidoleni moja moja,
kama mtu anayehesabu deni la mwenzake.

Siku tatu tumeloweka, tumewamba, tumeanika.
Leo asubuhi nikaipiga.
Kidevu: inasemaje?

Kiganja kwanza. Namwambia, ni DU ile ile,
ila imetoka kuoga.
Haya, na pete?
Nasema sarafu kwenye pindo la kanga. Sizo.
Nasema bangili, wanawake wameinuka pamoja mkekani.
Anatikisa kichwa, anangoja.
Nasema mvua, naona haya mwenyewe.
Maneno yakaniishia pale pale, mdomo wazi.

Basi nikailaza. Nikaishika kwa mikono miwili, usawa wa kiuno,
nikairusha kidogo, nikaipokea,
chwaa,
nikairusha, nikaipokea,
chwaa,
kifundo cha mkono kikizunguka kwenda kulia
kama nilivyofunzwa nikiwa na miaka saba.

Baba hakuutazama mdomo wangu.
Aliitazama mikono.
"Kazija," akasema.
"Mchele wa Idi. Anapepeta, hataki asemeshwe."

Mama ana mwaka wa nne Mwanakwerekwe,
na ungo wake tumeuweka juu ya kabati, umeliwa na mende.

Akasogea. Akainama, akauma ukingo wa lile duara,
akafumba macho,
akaniashiria kwa mkono: tena.
Nikarusha. Nikapokea.
Adhuhuri ikaadhiniwa, chai ikapoa,
na meno yake yakaendelea kusikia.

Jioni Behruzi akaja kuchukua mali yake.
Akaigeuza huku na huku, akaisifu ngozi,
kisha kidole chake kikasimama kwenye mti,
penye alama nane, mpya, za juu na chini.

Hakuuliza.
Tulimpunguzia bei.