Fundo la Mwisho

Kitovu cha Durdana kilidondoka siku ya sita,
kikazikwa nyuma ya zizi, upande usiopigwa na upepo wa Mlima Taftani.
Damu ilitoka kidogo, ikaganda.
Ganjbibi akasema alhamdulillahi, akalala.
Alfajiri mkeka ulikuwa umelowa.

Mama yake, Zarkhatun, alimleta Khash akiwa amemfunga tumboni
kwa shuka aliyoidarizi mwenyewe, nyekundu juu ya nyekundu,
nami sikujua mara moja
uzi uliishia wapi, mtoto alianzia wapi.

Mimi si daktari. Mimi ni yule wa chumba cha nyuma,
mwenye mirija na saa ya kuhesabia sekunde.
Niliizungusha damu mashineni hadi ikajitenga:
chini wekundu mzito, juu plazma,
rangi ya chai ya zafarani iliyosahaulika mezani.
Ukiitazama utadhani haina kazi.
Kumbe humo wamo wote, kimya,
kila mmoja na zana yake mfukoni,
wanangoja kuitwa na jeraha.

Nikawaita.
Tone la kalsiamu, kidole kwenye saa.
Mmoja akamwamsha jirani, jirani akamwamsha jirani,
hadi thrombini akashika mkasi
akakata ncha za fibrinojeni,
na nyuzi, zikiwa huru sasa, zikalaliana ubavu kwa ubavu.
Sekunde kumi na mbili. Sawa.
Kipimo cha pili, thelathini na moja. Sawa.
Chembe bapa, tele.
Daktari Narui aliisoma karatasi, akaigeuza
kana kwamba jibu limeandikwa mgongoni.
“Damu hii ni nzima,” akasema,
na damu ileile ikamdondokea kiatuni.

Zarkhatun aliniuliza nimeona nini.
Nikamwambia nyuzi zipo. Zinafumika, tena kwa wakati.
Akanyamaza.
Kisha akapindua ukingo wa shuka, upande wa ndani,
upande ambao wanunuzi wa Tehrani hawautazami,
akapitisha kidole gumba juu ya vifundo
vidogo kama mayai ya chawa.
“Na hivi?”

Usiku huo sikwenda nyumbani.
Niliweka madonge mawili katika urea,
mrija wangu, mrija wa Durdana.
Hadi saa nne yalifanana.
Saa tisa la kwake likaanza kulegea pembeni,
kama anayeaga bila kutaka kuamsha wenyeji.
Kulipokucha langu lilikuwa palepale, jeupe, kaidi.
Kwake palikuwa na maji.
Nimesikia tangu utotoni kuwa damu ni nzito kuliko maji.
Sikuwahi kuulizwa nani anaifunga ibaki hivyo.

Ni yule wa kumi na tatu, wa mwisho katika orodha.
Hakati, hafumi, wala saa yangu haimjui.
Hupita baada ya wote kuondoka
akifunga uzi kwa uzi,
na asipopita, kazi yote hufumuka kesho yake.

“Wawili wa kwanza,” Zarkhatun akasema,
“walikwenda hivihivi, siku ya saba, siku ya nane.
Wa kwanza aliitwa Shirdel.
Wa pili tulikuwa bado tunamchagulia jina.”
Hakulia. Alikuwa anatafuta sindano aliyoidondosha kitandani,
asije mtoto akachomwa.

Tuliyeyusha mfuko wa plazma ya mtu nisiyemjua,
iliyogandishwa kwa baridi,
tukaiyeyusha ili iweze kugandisha.
Ikashuka tone kwa tone.
Adhuhuri kitovu kilikauka,
na siku ya pili kikabaki kikavu, na ya tatu.

Sasa wanakuja kila wiki ya nne.
Mwezi wa theluji walichelewa siku tatu
nami nikawa nafungua dirisha kwa kila pikipiki.
Durdana ameanza kutembea,
maana yake ameanza kuanguka.